Begi la Vitabu, Kutoka Kilwa Hadi Mikindani

Jumamosi. Mbagala hadi Kilwa Masoko

Basi limeondoka Mbagala saa kumi na mbili na robo. Konda aliponyanyua begi langu la pili aliuliza kama nimebeba unga. Ni vitabu, sita, vyote nimevisoma kati ya Juni na sasa, na vyote vinakwenda Newala kwa mdogo wangu anayefundisha sekondari. Kabati la shuleni kwake lina vitabu vya mtihani tu. Tulikubaliana kwamba nikimkabidhi, havirudi Dar. Kwa hiyo safari hii ni ya kuagana navyo, na njia nimeipanga makusudi ili kila kimoja nikifungue tena mahali kinapopataja.

Maana karibu vyote vinaitaja kusini. Baba yangu ni mtu wa Lindi, mama ni wa Newala, na tangu utotoni nasikia kwetu kukitajwa kwa korosho, siku hizi na gesi, basi. Nataka kujua kama walioandika habari zetu walituona.

Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, samaki wa kukaanga wa Somanga wanaoletwa hadi dirishani. Njiani nilikuwa na riwaya ya saba, ya upelelezi, niliyoinunua asubuhi pale pale kituoni. Mwandishi anajua kushika roho ya msomaji, sura tatu za mwanzo sikuinua kichwa. Lakini kila mtu kitabuni ana gari, kila mwanamke ameelezwa kiuno kabla ya jina, na hakuna anayepika wala kufua wala kudaiwa kodi. Kufikia Nangurukuru nilikuwa nimekwisha kuimaliza, na sikumbuki hata mtu mmoja wa kumwonea huruma. Nimempa kijana aliyekaa jirani yangu, kaishukuru sana. Huenda yeye akaona nisichokiona.

Jumapili. Kilwa Kivinje

Nimelala Masoko, asubuhi nikapanda gari la Kivinje na kitabu kimoja mkobani, kile chembamba kuliko vyote: *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969.

Kivinje ni mji unaomeguka polepole. Nyumba za ghorofa za matumbawe zimeota mibuyu na mifuu ukutani, milango ya nakshi mingine imebaki na fremu tu, na mbele yake maisha yanaendelea, dagaa wameanikwa, watoto wanacheza rede. Nilifika kwanza Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyongea watu waliowapinga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa huku Kilwa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya watu wa Nandete, kule vilima vya Umatumbi, kung'oa pamba Julai 1905 na kuanzisha vita vya Maji Maji. Kisha nikakaa ukingoni mwa bahari, nikausoma mchezo wote kwa mkao mmoja.

Tulisomeshwa shuleni na nikauchukia, kwa sababu tuliusoma kwa kutafuta "dhamira" na "ujumbe" kama mtu anayechambua mchele. Safari hii nimesoma kama hadithi ya mtu, na naona ni kazi kubwa mno. Kinjeketile anawapa watu maji, watu wanaungana, kisha yeye mwenyewe anagundua kwamba neno alilolitoa lina shimo ndani yake: pepo amemwambia kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, maana yake kutoka utumwa mmoja kuingia mwingine. Anataka wasubiri. Hawasubiri, neno limeshakuwa lao. Na mwisho, akiwa amefungwa, anaombwa aseme kuwa maji yale yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu akisema hivyo wajukuu wataamini kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Nilisoma sehemu hiyo pale, si mbali na Mwembe Kinyonga, mikono ikanilegea.

Lawama yangu ni moja, na naisema bila kuficha. Mchezo unafunguliwa na wanawake, wanazungumza juu ya njaa na taabu ya nyumba ambayo wanaume wake wamechukuliwa kulima shamba la Mjerumani. Mazungumzo yale ndiyo mzizi wa vita vyote. Baada ya hapo mambo yanakuwa ya wanaume, na wake zao wakirudi jukwaani hawarudi kusema ya kwao. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja anayekaanga mihogo. Nilimsomea kwa sauti kurasa zile za mwanzo, akaacha kugeuza mihogo. Nilipofunga kitabu akaniuliza, "Sasa hao walikula nini vita vilipoanza?" Ni swali ambalo mchezo haulijibu. Historia inalijibu vibaya: walioteketea kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi.

Jumatatu. Kilwa hadi Lindi

Safari tu. Joto. Shangazi amepika wali wa nazi na kisamvu, nimelala saa mbili.

Jumanne. Lindi

Asubuhi nimekwenda ufukweni kutazama ng'ambo, Kitunda. Jina la jemadari wa Kinjeketile kwenye mchezo ni Kitunda vile vile, sikuwahi kuliunganisha kabla.

Kitabu cha leo ni kizito kama tofali: *African Dinosaurs Unearthed* cha Gerhard Maier, cha 2003, juu ya machimbo ya Tendaguru. Kilima hicho kipo huku kwetu, kaskazini-magharibi mwa mji, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa waliokufa zamani kabla ya binadamu. Mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Mtoto wa Lindi anayetaka kumwona anahitaji viza.

Ni kitabu cha mtu mwenye subira, na kinachosha. Kuna kurasa nzima za barua za wataalamu na fedha za msafara na majina ya Kilatini ya mifupa, nilizipita. Lakini Maier ana jambo moja ambalo wengi hawana, anahesabu mikono. Anaeleza kwamba mifupa haikutoka Tendaguru kwa gari. Ilifungwa mizigo, ikabebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, miaka minne mfululizo. Anamtaja kwa jina Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyeweza kutofautisha jiwe na mfupa kwa macho yake. Jina hilo sikulisikia darasani hata mara moja.

Nilimwambia shangazi. Akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za watu kubeba "mifupa ya shetani", na wao wakiwa watoto walidhani ni ngano ya kuwatisha wasiende porini. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba aone picha. Tukakaa barazani mpaka magharibi tukifungua ukurasa mmoja mmoja, yeye akitafuta nyuso na si mifupa.

Jumatano. Lindi hadi Masasi

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Kitabu ni *Afterlives* cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Nobel.

Gari limepita Mnazi Mmoja, likaiacha njia ya Mtwara, likaingia bara: Mtama, Nyangao, Mahiwa. Ukipita leo unaona mikorosho, mabibo yameanguka chini mekundu na ya njano, akina mama wameinama wakichambua korosho kutoka kwenye bibo na kuzitia ndooni. Oktoba kama hii, mwaka 1917, hapa kati ya Nyangao na Mahiwa, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne, vita vibaya kuliko vyote vya Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi elfu mbili, na wengi wao walikuwa Waafrika na Wahindi. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na jeshi lake kuingia Msumbiji. Nimepita barabara hii tangu nikiwa na miaka sita na hakuna aliyewahi kunyoosha kidole dirishani akaniambia.

Gurnah haandiki vita vya Mahiwa. Anaandika kijana anayeitwa Hamza, anayejiandikisha uaskari kwa Wajerumani bila kujua anatafuta nini, anasukumwa na vita kupita nchi kama hii, anakatwa upanga na mmoja wa wakubwa wake mwenyewe, na anarudi pwani akichechemea. Kurasa za vita ni kali, vijiji vinaporwa chakula na majeshi yote mawili, wapagazi wanakufa kama inzi na hakuna anayewazika. Lakini kilichonishika ni baada ya hapo. Hamza anarudi, anaomba kazi kwa mfanyabiashara, anapewa chumba cha stoo alale, na polepole sana, kwa haya na kwa adabu, anampenda Afiya. Afiya naye, alipokuwa mtoto, alivunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Aliokoka kwa kikaratasi chenye maneno machache alichokituma mjini kwa rafiki wa kaka yake. Nilipokisoma mara ya kwanza, Julai, nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Na mzee Khalifa! Msema hovyo, mlalamishi, mwenye huruma, anakaa barazani na kusengenya ulimwengu wote. Sijui riwaya nyingine iliyoipata baraza ya pwani kiasi hiki. Kitabu ni cha Kiingereza lakini sikio linasikia Kiswahili chini yake, jinsi mtu anavyozunguka kabla ya kusema jambo, jinsi salamu zinavyoficha swali.

Sasa kasoro. Sehemu ya mwisho, pale kijana wa Hamza na Afiya anapokwenda Ujerumani kutafuta habari za mjomba wake Ilyas, inakwenda mbio. Kitabu kilichotumia kurasa nzima kueleza mtu anavyopaka rangi chumba, ghafla kinatueleza kifo cha Ilyas huko Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, kama taarifa ya ofisini. Najua wapo wanaosema ukavu ule ni wa makusudi. Mimi sikubaliani nao. Tumemngoja Ilyas kitabu kizima, dada yake amemngoja maisha yake yote, tulistahili kukaa naye hata kwa ukurasa mmoja.

Bado, nikiambiwa nichague kimoja kati ya sita, ni hiki. Na natamani kuona siku vijana wa Mtama na Nyangao wanakisoma kwa Kiswahili, maana ardhi ni yao.

Tumeingia Masasi jioni, mawe makubwa yale ya mji yakiwa na rangi ya kutu.

Alhamisi. Masasi

Lupaso ipo wilaya hii, alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020. Kumbukumbu zake, *My Life, My Purpose*, zilitoka Novemba 2019, miezi michache kabla hajafariki.

Nitasema kwa heshima, marehemu alikuwa mtu wa kwetu na alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa kiongozi: alihariri Uhuru, alihariri Daily News. Unaona mkono wa mhariri, sentensi zake hazina mafuta. Na ana ujasiri ambao wakubwa wetu wengi hawana, anakiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa kwenye uongozi wake. Sikutegemea kulisoma neno hilo.

Ila nilitaka Lupaso zaidi. Nilitaka kujua njia ya kwenda Ndanda shuleni, nani alimfungia chakula, alivaa nini miguuni. Kila nilipoanza kumwona yule mtoto, kitabu kilinichukua tena kwenye mikutano na sera. Nakala niliyonayo ni ya Kiingereza, na mwenye gesti hapa, mzee anayemkumbuka vizuri, aliigeuzageuza akitazama picha tu. Kwa kiongozi wa mbali nisingelalamika.

Ijumaa. Masasi hadi Newala

Tumepanda nyanda za juu za Makonde, upepo ukabadilika. Bibi yupo mlangoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" Mdogo wangu amebeba begi la vitabu mwenyewe kutoka stendi, hakutaka bodaboda ilishike.

Jumamosi. Newala

Kitabu cha tano nilikuwa nakiogopa kukifungulia hapa. Ni *Native Life in East Africa*, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1909 ya kitabu cha Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alifika Lindi mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado moto. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi, uasi wa huko ukamgeuzia huku. Akatembea Masasi, Chingulungulu kwa chifu Matola, Newala, hadi Mikindani, akiwa na mashine ya kurekodi sauti na kamera ya sinema.

Ni kitabu kinachoniuma na siwezi kukiacha. Jicho la mtu yule ni kali ajabu. Ameandika jinsi nyumba zilivyojengwa, jinsi moto ulivyopekechwa, jinsi vyungu vilivyofinyangwa bila gurudumu, jinsi upepo wa jioni wa Newala unavyovuma hadi huwezi kuandika. Upepo huo huo ulikuwa unafunga na kufungua dirisha la bibi nilipokuwa nasoma. Asingeandika, mengine yangepotea kabisa. Lakini ukurasa unaofuata anawazungumzia watu hao kama vitu vya kupanga kwenye rafu, kwa dharau ya mtu asiyejiuliza ni nani aliyempikia chai, nani aliyebeba zile mashine kuzipandisha huku juu. Wapo watu wanaosema tumsamehe, ndivyo wakati ulivyokuwa. Wakati ule ule, Boheti bin Amrani na wenzake walikuwa karibu kuanza kuitwa wachimbe mifupa Tendaguru. Akili ya watu hawa ilikuwepo, mbele ya macho yake, naye aliitumia kila siku ya safari.

Bibi aliuliza nasoma nini, nikaanza kumtafsiria. Kwa mambo ya kuchota maji alitikisa kichwa kukubali, yeye mwenyewe aliteremka bondeni na mtungi kabla ya jogoo kuwika, na kurudi jua limepanda. Nilipofika kwenye unyago alininyamazisha. Aliniambia niruke, kwanza mdogo wangu yupo, pili huyo mzungu hakuona. "Alionyeshwa la nje. La ndani halionyeshwi mgeni mwenye daftari." Nikaruka.

Kisha akataka picha. Akavaa miwani, akasogeza kitabu dirishani. Kuna mwanamke wa Kimakonde mwenye ndonya mdomoni na chale usoni, amesimama wima mno. Chini ya picha limeandikwa kabila, jina halipo. Bibi alipitisha kidole juu ya zile chale, mstari kwa mstari, kama anayesoma. Akasema huyu hakufurahi, kaambiwa asimame. Halafu akasema chale za shavuni ziko kama za dada wa mama yake, mtu wa Mahuta. Akafunga kitabu, akaingia ndani, hakusema tena mpaka chakula cha usiku.

Jumapili. Newala

Nimekabidhi vitano. Mdogo wangu amevifunika kwa karatasi za kaki na kuandika namba mgongoni. Jioni tumekwenda ukingoni, Shimo la Mungu, kutazama bonde la Ruvuma na Msumbiji kwa mbali.

Jumatatu. Mikindani

Kupitia Tandahimba na Nanyamba hadi Mtwara mjini, kisha bajaji hadi Mikindani. Nimekula ming'oko ya kuchemsha, bado ya moto, nimekaa chini ya Boma la Kale.

Kitabu cha sita nimekibakiza mwenyewe kwa siku chache, nitakituma kwa basi. Ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya 1994, *Paradise*. Kwa Kiingereza nilikisoma zamani nikakasirika: Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, mzuri mno, mtulivu mno, mambo yanamtendekea tu, na mwisho anakimbia kulifuata jeshi la Mjerumani. Nilisema, kijana gani huyu? Sasa nimekisoma kwa Kiswahili, na baada ya *Afterlives*, hasira imeondoka. Yusuf hakuwa na mahali pa kusimama. Hamza ni Yusuf aliyeendelea kutembea, akarudi na jeraha. Na Kiswahili kimekirudisha kitabu nyumbani, wapagazi wanalalama kwa maneno ambayo wangelalama nayo, mnyapara anatukana kama mnyapara. Nilisoma kurasa mbili kwa sauti, vijana wawili waliokuwa wanashona jarife wakasogea. Mmoja akaniuliza msafara ule ulitokea bandari gani. Nikamwambia mji hautajwi. Akatazama ghuba yote, toka upande mmoja hadi mwingine, akasema, "Basi hata hapa inawezekana."

Saa moja usiku mdogo wangu amepiga simu. Bibi amemwamsha alfajiri, hajalala vizuri tangu ile picha. Anataka kitabu kipelekwe Mahuta, kuna mzee wa ukoo ule aliyebaki, mkubwa kuliko yeye, macho yake bado yanaona. Aulizwe chale zile ni za mlango gani, na kama kuna jina. Mdogo wangu ameshanunua penseli. Jumamosi, shule ikifungwa saa sita, anapanda bodaboda.